Sura ya 6: Bonde Linalosomwa Mbali

Mwaka 1994 jarida la tiba la Lancet, linalochapishwa London, lilitangaza matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, kazi ya mwanasayansi wa Kolombia, Manuel Patarroyo. Watoto waliochanjwa walikuwa wa Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, na chanjo ilionekana kupunguza malaria miongoni mwao kwa asilimia 31. Majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine hayakupata matokeo kama hayo, na chanjo ile ikaachwa. Jina la Idete likabaki katika maandiko ya sayansi. Miaka saba baadaye jarida lile lile lilichapisha matokeo ya vyandarua vya Zuia Mbu, vilivyouzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga wakati Malinyi ikiwa bado sehemu ya Ulanga. Vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la watoto wadogo walionusurika na kifo. Ushahidi huo ulisaidia kuzaa mpango wa taifa wa Hati Punguzo mwaka 2004, ambao mama wajawazito nchi nzima waliutumia kununua chandarua. Mtoto anayesoma leo Mtimbira au Itete, wilayani Malinyi, amezaliwa katika bonde ambalo jina lake linatajwa kwa ufasaha katika maabara za Basel na Barcelona. Ni watu wa bonde hili waliotoa damu, muda, ruhusa na majibu ya madodoso hadi elimu hiyo ikapatikana. Sura hii inahusu namna ya kuirudisha darasani.

Yanapozungumzwa mambo ya kuunganisha shule za vijijini na ulimwengu kwa mkutano wa video, hoja inayotolewa karibu kila mara ni kwamba tunamletea dunia mtoto ambaye hajapata kuiona. Nia ni njema, lakini hoja yenyewe ina kasoro kubwa: inamchukulia mwanafunzi wa Malinyi kama chombo kitupu kinachosubiri kujazwa na mtu wa mbali. Mimi naona kinyume chake. Bonde la Kilombero limekuwa likitoa maarifa kwa karibu miaka 70, tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara yake Ifakara mwishoni mwa miaka ya 1950, maabara iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kilichokosekana ni njia ya kurudi. Mkutano wa video ukitumiwa vizuri ni njia hiyo, na mwanafunzi huingia ndani yake akiwa na la kusema, kwa sababu kinachozungumzwa ni mto wake, mpunga wake, mbu wake na homa yake. Ukikubali hilo, mengine yote hubadilika: nani apigiwe kwanza, nani aulize, lugha gani itumike, na mwalimu asimame wapi.

Umbali wenyewe si wa kufikirika. Kabla ya daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384 na lililozinduliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alivuka kwa pantoni, na Januari 2016 pantoni hiyo ilizama. Daraja limeondoa hofu ya maji. Halijaondoa masika. Bonde hili ni uwanda wa mafuriko, ndiyo maana mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na ndiyo maana mpunga wake unasifika hadi Kariakoo. Lakini uwanda wa mafuriko hukata barabara. Msimu wa kilimo nao huhamisha familia. Wazazi huenda kukaa kwenye vibanda vya shambani kwa wiki na miezi, watoto wakifuata au wakibaki kijijini na bibi. Mtafiti wa Ifakara anayetaka kuja kuongea na kidato cha pili Malinyi katikati ya Aprili anahitaji gari la magurudumu yanayovuta yote manne, dereva, posho, na bahati. Kwa hiyo ziara hazifanyiki, au zinafanyika mara moja kwa mwaka, kwa wiki ya maadhimisho, kwa hotuba. Sampuli ya damu ilipata usafiri kwenda Ulaya. Maelezo ya kilichoonekana ndani yake hayakupata usafiri wa kuvuka Lupiro.

Chombo cha kuvusha maelezo hayo si kipya nchini. Mwaka 2000 Dar es Salaam ilipata kituo cha mafunzo kwa mikutano ya video kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na maofisa wa serikali wakawa wanakaa chumba kimoja kujadiliana na wenzao wa Washington na Accra. Wakati ule ilihitajika setilaiti, mitambo ya bei kubwa na fundi wa kukaa nayo. Kuanzia mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilitua pwani yetu, mkongo wa taifa ukatandazwa, na baada ya hapo kilichokuwa chumba kizima kikaingia kwenye simu ya mkononi. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia 17 Machi 2020 hadi zile za msingi zilipofunguliwa tena 29 Juni, tofauti ilionekana wazi. Baadhi ya shule binafsi za mijini ziliendelea na vipindi kwa video, na mtoto wa kijijini aliachiwa redio na runinga, kama zilikuwepo nyumbani. Wapo waliohitimisha kwamba redio ni chombo cha kizamani na video ndiyo ukombozi. Hitimisho hilo lina haraka, kwa maana historia ya redio nchini inatufundisha jambo ambalo watengenezaji wa programu za video bado wanajifunza.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 vipindi vya redio vilirushwa kuhusu malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine, na watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kuvisikiliza. Nchi haikutegemea redio peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla, kila kikundi kilikuwa na kijitabu, na kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, watu wakaanza kujadiliana: je, hili linahusu kijiji chetu? Tufanye nini kabla ya wiki ijayo? Majibu yalikuwa majembe na sepetu. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vilifyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa. Sauti ilitoka Dar es Salaam, lakini kampeni iliishi kwenye dakika zilizofuata baada ya sauti kunyamaza, na kwenye mtu aliyekaa na kikundi. Nimeirudia kampeni hii mara nyingi katika kitabu hiki kwa sababu sijaona mfano mwingine wa Kiafrika unaoonyesha wazi hivyo kwamba chombo cha mawasiliano huzaa matunda kwa kiasi cha maandalizi yaliyokitangulia na kazi iliyokifuata.

Mfano wa kinyume upo pia, na ni wa kuumiza. Ivory Coast ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa runinga, kwa fedha nyingi na kwa matumaini makubwa. Masomo yalitengenezwa mahali pamoja na kurushwa nchi nzima, mwalimu wa darasa akifanywa msaidizi wa sanduku. Mpango ulisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama zilikuwa nzito, walimu hawakuupenda, wazazi hawakuuamini. Runinga haikuweza kuulizwa swali. Mtoto wa kaskazini mwa nchi na mtoto wa Abidjan walipewa sentensi ile ile kwa kasi ile ile, na aliyebaki nyuma hakuwa na mkono wa kuinua. Anayetaka kuleta skrini katika shule zetu asome habari za Ivory Coast kabla hajaandika bajeti.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna ushahidi wa karibuni zaidi, na ndio unaonipa ujasiri. Katika muongo uliopita shule za msingi za vijijini nchini Ghana ziliwekewa setilaiti na umeme wa jua, na walimu walioketi studio jijini Accra wakawa wanafundisha madarasa kadhaa kwa wakati mmoja. Safari hii mawasiliano yalikwenda pande mbili: mwalimu wa studio aliwaona watoto, akawaita, akawasikia wakijibu, na mwalimu wa darasa alibaki na kazi yake, akizunguka kati ya madawati. Wachumi waliupima mradi huo kwa kulinganisha shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu na zile ambazo hazikuchaguliwa. Hesabu ilipanda, na misingi ya kusoma ikapanda. Mahudhurio hayakubadilika. Naomba msomaji ayashike matokeo yote mawili. La kwanza linasema kwamba skrini inayosikia hufundisha pale ambapo skrini isiyosikia ilishindwa. La pili linasema kwamba mtoto aliye shambani na wazazi wake mwezi Machi hatarudishwa darasani na skrini. Katika jimbo la Amazonas nchini Brazil, ambako mito imetenga vijiji kuliko hata huku kwetu, serikali imekuwa ikirusha masomo ya moja kwa moja kutoka mji wa Manaus tangu 2007, na huko pia hawakuthubutu kuliacha darasa bila mwalimu wa kukaa na watoto. Nchini kwetu wizara nazo zimeanza kujaribu madarasa janja, mwalimu mmoja akifundisha shule zaidi ya moja. Ni hatua nzuri, lakini inajibu swali la upungufu wa walimu wa hesabu na sayansi. Swali langu ni la pili: mwanafunzi wa Malinyi azungumze na nani mwingine, na kuhusu nini?

Nianze na mbu, maana ndiye aliyelifanya bonde hili kuwa maarufu. Watafiti wa Ifakara wameonyesha kwamba katika vijiji vingi vya bonde, mbu aina ya Anopheles funestus, hata pale ambapo si wengi kuliko wenzao, ndio wanaobeba sehemu kubwa kabisa ya maambukizi ya malaria. Mbu hawa hawapendi kila dimbwi. Wanataka maji yanayodumu hata kiangazi, safi kiasi, yenye majani kandokando: chemchemi, kingo za mto, visima visivyojengewa. Sasa fikiria nani anayeyajua maji ya namna hiyo kuliko mtoto anayetumwa kuyachota. Kidato cha pili kinachojifunza malaria kwa kunakili ubaoni mzunguko wa maisha ya kimelea kinaweza kutumia wiki mbili kuchora ramani ya maji yote yanayobaki Septemba katika kata yao, kuandika yapi yana viluwiluwi vya mbu na yapi hayana, na kuwauliza wazee kama yalikuwepo miaka 30 iliyopita. Ramani hiyo ikishapigwa picha na kutumwa Ifakara, mkutano wa video wa dakika 40 huwa ni mazungumzo kati ya watu wawili wenye taarifa. Mtafiti atauliza maswali ya kweli, kwa kuwa ramani hiyo hana. Mwanafunzi atajibu kwa uhakika, kwa kuwa miguu yake imefika. Kisha atauliza yeye: kwa nini mbu hawafi tena kwa dawa ya chandarua kama zamani? Mtalijuaje dimbwi ambalo hamjalifikia? Hapo sayansi haijaletwa na skrini. Ilikuwepo tayari uani, na skrini imeipa mtu wa kuzungumza nayo.

Baada ya Ifakara, dunia inaweza kupanuka, na bonde lina sababu zake lenyewe za kuifuata. Ng'ambo ya bonde, kwenye miteremko ya Udzungwa, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano wa Kihansi, asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme la Kihansi lilipoanza kazi, maji ya maporomoko yalipungua mno. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kuokoa kizazi. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, mwaka 2010 wengine 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Hakuna habari nzuri kuliko hii ya kufundishia kidato chochote cha Malinyi maana ya umeme, maji, viumbe na uchaguzi mgumu wa nchi maskini, na maji ya Kihansi huishia katika Mto Kilombero ule ule wanaoujua. Waliowalea vyura hao New York wapo, na saa tisa alasiri Malinyi ni saa mbili asubuhi New York wakati wa kiangazi cha huko, mtu akifungua ofisi. Kadhalika wahandisi wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutokana na Kilombero. Mwanafunzi wa Malinyi ana haki ya kuwauliza wanategemea nini kutoka kwa bonde lake, na bonde litegemee nini kutoka kwao.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na wengi huipita haraka mno. Miradi mingi ya kuunganisha shule zetu na za Ulaya au Marekani huendeshwa kwa Kiingereza, na kinachotokea hutabirika: wanafunzi wawili waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza husimama, hukariri majina yao na vyakula wanavyopenda, na darasa lililobaki hukaa kimya, likipiga makofi. Mgeni huaga akidhani watoto ni wapole. Upole huo ni wa kufungwa mdomo. Ukianza na Ifakara na Dar es Salaam tatizo hilo halipo, kwani wanasayansi wengi wa huko ni Watanzania na Kiswahili chao ni hiki hiki. Mtoto atauliza kwa lugha anayoifikiria, na mtaalamu atalazimika kueleza kwa Kiswahili mambo aliyozoea kuyaandika kwa Kiingereza, kazi ambayo ni faida kwa pande zote. Hata huko mbali, Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani, na UNESCO imeitengea lugha hii siku yake, 7 Julai. Mwanafunzi wa chuo cha huko anayehangaika na ngeli angefaidika sana kusahihishwa na darasa la sita la Malinyi. Mtoto aliyemsahihisha mtu mzima wa ng'ambo mara moja hatamwona tena mgeni kwa jicho lile lile. Kiingereza kije pia, kwa kidato cha tatu na cha nne wanaokihitaji kwa mtihani, lakini kije kwa mada ambazo tayari wanazimudu.

Pingamizi linalotolewa kwa uchungu zaidi ni lile la vipaumbele. Shule inakosa matundu ya vyoo, madawati, nyumba za walimu, mwalimu wa fizikia. Je, tukae tunaongea na New York? Siwezi kulidharau pingamizi hili, na anayelitoa mara nyingi ni mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya shule anayezijua shida hizo kwa majina. Ila linachukulia kwamba mazungumzo na vyoo vinagombea shilingi moja. Vikundi vya Mtu ni Afya vilisikiliza redio, kisha vikachimba vyoo. Mazungumzo yaliyoandaliwa vizuri huleta nguvu kazi na hoja, wala hayazili. Darasa lililochora ramani ya maji ya kata limeipa serikali ya kijiji karatasi ambayo haikuwa nayo, na mwenyekiti anayeibeba kwenda halmashauri kuomba kisima kijengewe ana ushahidi mkononi. Kuhusu fedha, nasema bila kuficha kwamba siungi mkono kununua mitambo. Shule yenye kompyuta mpakato moja, runinga ya kuazima na spika ya kawaida inatosha kuanza. Saa moja ya mkutano wa video hula takriban gigabaiti moja ya bando, wakati mwingine zaidi. Kipindi kimoja kwa mwezi si mzigo ambao kata haiwezi kuubeba, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa ajili ya maeneo kama haya. Kwa kawaida sauti pekee hula sehemu ndogo sana ya bando hilo. Basi picha na ramani zitumwe siku moja kabla, na siku ya mazungumzo, mtandao ukianza kukatakata, kamera izimwe na sauti iendelee. Walimu wengi huahirisha kipindi chote kwa sababu picha inazunguka. Wasiahirishe. Kizazi cha 1973 hakikuona sura ya mtu yeyote.

Pingamizi la mtihani ni dogo kuliko linavyoonekana. Mwalimu ana muhtasari wa kumaliza na matokeo ya NECTA ya kujibia, na kipindi kimoja kwa mwezi kinachohusu mada iliyomo kwenye muhtasari huo huo, malaria, ikolojia, umeme, mto na uwanda wake, hakimcheleweshi.

Lililo zito zaidi kwangu, ingawa husemwa kwa nadra, ni heshima ya mtoto. Skrini ina pande mbili, na anayetazama kutoka upande wa pili anaweza kuwa anakusanya picha za watoto maskini kwa ajili ya kuchangisha fedha. Imetokea mara nyingi kwa kamera za kawaida, na itatokea kwa hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na inampa mzazi na shule msingi wa kukataa. Lakini kinga bora imo katika mpangilio wa mazungumzo yenyewe. Wanafunzi waulize kwanza. Hakuna kurekodi bila wazazi kukubali kwenye kikao cha shule, wala kuwapanga mstari ili waimbe. Mgeni asiyeweza kujibu swali lolote kuhusu bonde, au asiye na swali la kweli la kuwauliza, hana sababu ya kupewa saa yao. Mwalimu wa somo ndiye awe mwenye kiti cha mazungumzo, akate, aelekeze, amrudishe mtaalamu anapokwenda kasi. Akifanywa fundi wa waya, tumerudi Ivory Coast.

Yote haya yanahitaji mtu wa upande wa pili anayejibu simu, na kwa bonde hili mtu huyo anajulikana. Kila taasisi inayoomba kibali cha utafiti kuhusu afya nchini hutakiwa kueleza jinsi itakavyorudisha matokeo kwa jamii iliyochunguzwa. Mara nyingi sehemu hiyo hujazwa kwa sentensi moja kuhusu kikao na viongozi wa wilaya. Naziomba taasisi zinazofanya kazi Kilombero, Ulanga na Malinyi ziandike hapo jambo linaloweza kuhesabiwa: saa moja kila muhula, kwa Kiswahili, na darasa la kijiji kilichotoa sampuli, kwa muda wote wa mradi. Nawaomba maofisa elimu kata wasisubiri waraka. Watoto wa Idete waliochanjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 leo wana umri wa zaidi ya miaka 30, na wana watoto wanaosoma. Simu ya kwanza ipigwe kwenye madarasa ya watoto hao.